Mwalimu Tupokigwe na Maharage ya Jikoni Kwangu

Mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa sekondari ya kata kule Kamsamba, kwa hiyo asije mtu hapa kunisimulia habari za Mwalimu Tupokigwe kwa kusikiasikia. Nilimwona kwa macho yangu anashuka kwenye lori lililofuata mpunga, mwaka 2007, boksi la vitabu kichwani na sweta mwilini. Sweta, Kamsamba! Alikulia Iyula, kule juu kwenye kahawa na baridi, na hakuna aliyemwambia kwamba huku bondeni hata kuku wanatembea midomo wazi. Nikamwambia, "Mwanangu, vua hilo sweta kabla hujaanguka." Akacheka, akavua, akanisalimia vizuri kwa kupiga goti. Nikamwambia naitwa Yunisi, kwetu Msangano, lakini watu wananiita Mama Erica, na kama anataka kula vizuri katika shule hii asigombane na mimi.

Nisiseme uongo, nilimdharau. Alikuwa mmoja wa wale walimu watu walikuwa wanawaita voda fasta: wamemaliza kidato cha sita, wakafundishwa ualimu mwezi mmoja, wakasambazwa kwenye shule za kata zilizokuwa zinaota kila mahali. Miaka ishirini na miwili, mwembamba, sauti ndogo. Na huyo ndiye mwalimu wa Biolojia wa shule nzima, kidato cha kwanza mpaka cha mwisho. Maabara yenyewe ilikuwa mlango ulioandikwa maabara, ukiufungua unakuta majembe.

Kilichonifanya nimheshimu ni kichocho. Alikuwa anawafundisha kidato cha kwanza habari za afya ya mwili, darasa liko hatua kumi kutoka jikoni kwangu, madirisha hayana vioo. Nikasikia wavulana wanacheka, wanamtania mwenzao kwamba bado mtoto kwa sababu hajaanza kukojoa damu. Mwalimu akaweka chaki chini. Kisha akatoka, akaja moja kwa moja jikoni.

"Mama Erica, ni kweli huku mvulana akikojoa damu mnasema amekua?"

"Ndiyo. Kwani kwenu wanasemaje?"

Akakaa juu ya kuni zangu. "Mama, huo ni ugonjwa. Wanaupata kwenye maji ya majaruba ya mpunga."

Jamani! Nimekaa bonde hili miaka na miaka, nimeona wanaume wanasifiana kwa hilo jambo, hata mimi nilikuwa nacheka nao. Yule binti alikwenda zahanati kwa miguu mara nne, akaandika barua wilayani mpaka karatasi zikamwishia. Vidonge vikaja. Wanafunzi wakapangwa mstari, kila mmoja anasimamishwa kwenye fimbo yenye alama, urefu wake ndio unaosema ameze vingapi. Walitapika, walilalamika, lakini baada ya miezi mingapi sijui hakuna tena aliyejisifia damu. Wale waliokuwa wanajisifia wakawa wanaona aibu. Tangu siku hiyo, akiomba chumvi namwongezea.

Jambo jingine lililoniweka upande wake ni kwamba alifundisha kwa Kiswahili. Mkuu wa shule, Mwalimu Sadoki, alikuwa amebandika kibao kwamba hapa ni Kiingereza tu. Hakuwa mtu mbaya Sadoki, ila aliogopa wakaguzi kuliko nyoka. Tupokigwe alikuwa anasoma kile Kiingereza cha kitabu, halafu anafunga mlango na kuanza upya kwa Kiswahili. Akiulizwa anasema, "Waelewe kwanza, Kiingereza kitafuata." Mlango alifunga, lakini dirisha halikuwa na kioo, kwa hiyo na mimi nikawa nasoma. Darasa la saba langu lile lile, mwiko mkononi, nikajua moyo una vyumba vinne.

Sasa, katika wasichana kumi na mmoja walioanza kidato cha kwanza shule ilipofunguliwa, mwaka 2009 kidato cha nne walibaki wanne. Mmoja wao alikuwa Kabula, binti wa Ngusa. Ngusa ni Msukuma, alihamia huku na ng'ombe zake Kabula akiwa bado anabebwa mgongoni, akajenga boma ng'ambo ya mto. Kabula alikuwa anafika shuleni kabla ya kila mtu, ananisaidia kuwasha moto, na wakati moto unashika anasoma kitabu kwa mwanga wa jiko. Ukimuuliza swali la Biolojia anakujibu huku anapuliza kuni. Nilimpenda, basi.

Siku moja mwezi wa saba alikuja macho yamevimba. Nikamwuliza kuna nini, akasema moshi. Moshi gani na moto haujawaka? Nikamkalisha, nikamwambia hakuna uji mpaka aseme.

Akasema. Baba yake ana watoto sita, wote wasichana. Mama yake, Stamili, ana mimba ya saba. Juzi baba alimwita mama mbele ya baba mkubwa, Masumbuko, akamwambia kwamba safari hii akizaa tena msichana, basi Kabula ataozwa, na ng'ombe za mahari yake zitatumika kumwolea baba mke mwingine, mwenye tumbo la kuzaa wanaume. Mposaji alikuwa ameshakuja kumwangalia. Amemwangalia mikono na miguu.

"Mama anajifungua lini?" nikamwuliza.

"Mwezi wa kumi."

"Na mtihani wa taifa?"

"Mwezi wa kumi."

Nilikwenda kumtoa Tupokigwe ofisini nikiwa bado na kitambaa cha jiko begani, tukaenda kwa Sadoki. Sadoki akasema tupeleke habari polisi. Nikamwambia, "Mwalimu, wewe mgeni wa watu hawa? Ukimpelekea polisi, kesho asubuhi utakuta boma tupu. Ng'ombe wameondoka, watu wameondoka, na Kabula ameondoka nao. Utamtafutia Rukwa nzima?" Kabula mwenyewe alituomba kwa machozi tusithubutu. Kwa hiyo njia ilikuwa moja tu, Ngusa abadilike mwenyewe kabla mtoto hajazaliwa.

Wiki hiyo hiyo Tupokigwe alifika kwenye somo la kurithi. Sijui kama alilisogeza mbele makusudi, sikumwuliza. Nilikuwa nakoroga makande. Nikamsikia anasema kwamba mtoto anatokana na yai la mama na mbegu ya baba, na kwamba kuna kitu kinaitwa kromosomu, na cha kumfanya mtoto awe wa kiume mama hana. Hana kabisa, hakupewa. Yai lake kila siku ni la aina moja. Baba ndiye mwenye mbegu za aina mbili, na mtoto anakuwa wa kiume au wa kike kutegemea ni ipi imewahi.

Mwiko ukasimama kwenye sufuria.

Ngoja niwaambie kwa nini. Mimi niliolewa Tunduma, na mwanaume anaitwa Joshua, alikuwa anavusha bidhaa kwenda kwa ndugu zake upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nilimzalia Erica, nikamzalia wa pili msichana, wa tatu msichana. Mwaka tisini na moja alipakia godoro langu na masufuria yangu kwenye gari, akanirudisha Msangano. Mama yake alisema nina tumbo la upande mmoja. Na mimi nilikubali! Hilo ndilo linaloniuma. Nilikunywa mizizi ya kila mganga, nilifunga na kuomba, nilimwomba Mungu anisamehe kosa nisilolijua. Miaka kumi na minane.

Nikaacha makande, nikaenda nikasimama mlangoni mwa darasa na mwiko mkononi. "Mwalimu," nikasema, "rudia."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Tupokigwe hakucheka. Akarudia, polepole, neno kwa neno. Nikamwambia arudie tena. Akarudia. Makande yaliungua siku hiyo, shule nzima ilikula makande meusi, na atakayenilaumu shauri yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikwenda kwa Ngusa, mwalimu na mimi. Alibeba kitabu na picha aliyoichora kwenye karatasi kubwa. Wasukuma ni watu wa adabu, tulipokewa vizuri, tukapewa vigoda na mtindi kwenye kibuyu. Ngusa alikaa kimya, mrefu, fimbo magotini, akamsikiliza Tupokigwe kromosomu zake zote. Masumbuko, kaka yake, alikuwa pembeni anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Stamili alikuwa kwenye mlango wa jiko, tumbo limeshaonekana, haangalii mtu.

Mwalimu alipomaliza, Ngusa akasema, "Nimekusikia, mwalimu. Hiyo ni ya kwenye kitabu. Mimi nimezaa sita. Wewe umezaa wangapi?"

Tupokigwe akaanza kukunja picha yake.

"Basi malizia mtindi," Ngusa akasema, bila hasira hata kidogo.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtolee Ngusa maneno, Tupokigwe akanibana mkono. Tukaaga. Tulipopita kwenye zizi tukamkuta mtu kutoka kijiji cha jirani, amefunga kamba ng'ombe wake jike. Amemleta kwa Fundi. Fundi ndilo lilikuwa jina la dume la Ngusa, jeusi, shingo pana, na lilijulikana bonde lote. Ngusa alikuja nyuma yetu kumpokea yule mteja, na pale zizini alibadilika, akawa mtu wa maneno.

"Angalia mgongo huo! Mwaka jana amenipa mitamba tisa, madume mawili tu. Jike lolote utakaloniletea, Fundi anakupa mtamba. Wewe lete debe la mpunga, habari nyingine mwachie Fundi."

Mfugaji anataka mtamba, yaani ndama jike, hilo kila mtu anajua. Jike ndilo linaloongeza zizi. Tukaenda zetu. Tulipofika mtoni Tupokigwe akasimama katikati ya njia.

"Mama Erica, umemsikia?"

"Nimemsikia nini? Anajisifia mifugo."

"Anamsifu nani?"

"Fundi."

"Na ng'ombe jike aliyeletwa, amemsifu?"

Nilisimama, nikafikiri, halafu ikaniingia. Loo! Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga. Zizini wakizaliwa majike sifa ni za dume. Nyumbani wakizaliwa wasichana lawama ni za mama. Mtu huyo huyo, siku hiyo hiyo, hatua hamsini kati ya nyumba na zizi! Nilitaka nirudi mbio nikamwambie. Tupokigwe akanishika kanga. "Usimwambie. Atakasirika, halafu imekwisha. Tumwache aone mwenyewe."

Juma zima alikuwa anakuja jikoni kupekua gunia langu la maharage, yale ya mchanganyiko tuliyokuwa tunaletewa kutoka juu. Anachambua nyekundu huku, nyeusi huku. Nikamwambia, "Wewe mtoto, haya maharage ya watu yana hesabu yake." Akasema ni kikombe kimoja tu. Kikombe kimoja, kikombe kimoja, nikaona pengo kwenye gunia. Nikaishia kuchambua naye.

Jumapili ya pili hakubeba kitabu. Tulibeba mabakuli mawili ya bati kutoka jikoni kwangu, yaliyofunikwa kitambaa. Ngusa alipotuona akatusalimia Kisukuma, "Mwangaluka, mwalimu. Leo umetuletea chakula?"

"Shikamoo, Baba Kabula. Leo sikuja kufundisha. Nimekuja kuuliza habari za Fundi."

Hee! Uso wa mzee ukafunguka. Akaita vigoda, akaita mtindi, na Masumbuko akasogea. Tupokigwe akauliza Fundi amezaa mitamba mingapi, Ngusa akahesabu. Akauliza kama majike ni ya aina moja, Ngusa akasema hapana, mengine mabovu, yamekonda, lakini yakipandwa na Fundi wanatoka mitamba.

"Kwa hiyo ndama kuwa jike au dume," Tupokigwe akasema kwa sauti ile yake ndogo, "hilo analileta Fundi?"

"Fundi, nani mwingine? Jike linabeba tu. Mtoto wa mfugaji yeyote anajua hilo."

Niliuma kanga yangu ili nisicheke. Masumbuko alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kabula alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, amemshika bega, na nikaona kwamba yeye ameshaona mwalimu anakokwenda, maana alikuwa ameacha kupumua.

Tupokigwe akatandika mkeka, akaweka mabakuli. "Baba Kabula, hili ni bakuli la mama. Hili ni la baba. Kila mtoto anachukua punje moja hapa na punje moja hapa. Akipata nyekundu mbili ni msichana. Akipata nyekundu na nyeusi ni mvulana. Fumba macho, uchote, halafu urudishe punje mahali ilipotoka."

Ngusa alitazama kaka yake, akaona ni mchezo tu, akafumba macho. Akatoa nyekundu na nyeusi. "Mvulana!" akapiga paja. Watoto wake wadogo wakashangilia. Akachota tena, nyekundu mbili. Tena, nyekundu mbili. Masumbuko akasema mpishe mwenye mkono wa wanaume, maana yeye ana wavulana watano. Akachota mara nne, mara tatu ikatoka nyeusi, akajipiga kifua. Tupokigwe akamwomba achote mara nne nyingine. Nyekundu tatu. Wasichana wa Ngusa walicheka mpaka mmoja akakimbilia nyuma ya nyumba.

"Mkono ni ule ule, mzee Masumbuko," mwalimu akasema. "Ni bahati tu ya kuchota. Kila mimba inachota upya."

Kisha akamgeukia Ngusa. Kicheko kilikuwa bado hakijaisha. "Baba Kabula, naomba kitu kimoja. Mtafute mtoto wa kiume kwenye bakuli la mama peke yake. Usifumbe macho. Angalia kabisa."

Ngusa akaingiza mkono. Akatoa nyekundu. Akaingiza tena, akapekua, akatoa nyekundu. Akasogeza bakuli karibu na uso. Halafu akalimwaga lote kwenye mkeka, akayatandaza maharage kwa kiganja, akayapitia kama anavyopitia manyoya ya ndama kutafuta kupe. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Stamili alikuwa ameondoka mlangoni, amekuja mpaka kwenye mkeka, amesimama na tumbo lake. Alikuwa hajasema neno tangu Jumapili iliyopita. Akainama kwa shida, na yeye akapitisha mkono.

"Hakuna," akasema. "Hakuna hata moja."

Ngusa akamwangalia. Akaliangalia lile bakuli jingine, la baba, nyekundu na nyeusi. Akaokota punje moja nyeusi, akaigeuza kiganjani. Mwishowe akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "Na Fundi naye?"

"Na Fundi naye anachota tu, Baba Kabula. Hachagui. Mwaka jana mitamba tisa, mwaka huu labda minne. Ni hivyo hivyo kwa ng'ombe, ni hivyo hivyo kwa watu. Mama hana. Baba anayo, ila hachagui."

"Basi nirudishie debe langu la mpunga nililomlipia Fundi!" Masumbuko akapaza sauti. Nilishindwa kujizuia, nilicheka peke yangu, nikaona aibu.

Ngusa hakucheka. Alisimama, akachukua fimbo, akaenda zizini na hakurudi mpaka tulipoondoka. Masumbuko akasema, "Maharage ni maharage, mwalimu. Mtu ni mtu. Tungoje mwezi wa kumi." Tulirudi bila jibu. Ninyi mnaosikiliza mnaweza kudhani tulishinda siku ile, lakini sisi tuliokuwa tunatembea hatukujua kitu. Mtu anaweza kuona kwa macho na bado moyo ukakataa, hasa mbele ya kaka yake.

Kabula akaendelea kuja shuleni. Kila asubuhi nilikuwa natazama njia ya mtoni mpaka nimwone ndipo nawasha moto kwa amani. Baba yake, alisema, alikuwa hasemi kitu. Mposaji hakurudi, lakini hakuna aliyemwambia asirudi. Mwezi wa tisa ukapita. Mitihani ikaanza, akafanya Kiswahili, akafanya Hesabu, akafanya Jiografia. Ilikuwa imebaki siku moja afanye Biolojia, wanafunzi wametawanyika kivulini na madaftari, nilipoinua kichwa nikamwona Ngusa anakuja na baiskeli, peke yake, vumbi mpaka magotini.

Alipita jikoni, akanisalimia, akasimama mbele ya darasa. Tupokigwe alikuwa ameshatoka.

"Nimekuja kumchukua Kabula," Ngusa akasema.

Yule binti mwembamba alinyoosha mikono yote miwili, akashika miimo ya mlango. "Haondoki. Nisamehe, Baba Kabula, lakini haondoki. Kesho ana Biolojia." Na mimi nilikuwa nyuma ya mzee na mwiko wangu, na nawaambia kweli, kama angemgusa ningempiga.

"Mama yake amejifungua alfajiri," Ngusa akasema. "Msichana."

Kabula, ndani ya darasa, aliweka kichwa juu ya dawati.

"Nataka akamwone mdogo wake," Ngusa akaendelea. "Halafu na ninyi mje. Kesho asubuhi nitamrudisha mwenyewe, kwa baiskeli hii, kabla ya saa ya mtihani. Nimechinja."

"Umechinja?" Tupokigwe akauliza. Mikono yake ilikuwa bado kwenye miimo.

"Mtoto amezaliwa. Nisichinje?"

Weee! Nilipiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka Msangano. Mwiko niliurusha sijui wapi. Wasichana wale watatu wengine walitoka mbio, wavulana wakapiga madawati, Sadoki akatoka ofisini anauliza nani ameruhusu kelele wakati wa mitihani, na alipoambiwa na yeye akaanza kupiga makofi. Tupokigwe alikaa chini pale pale mlangoni, akalia kama mtoto. Ngusa alisimama na baiskeli yake, hajui atazame wapi.

Bomani tulikuta watu wengi. Kwa kawaida ng'ombe wa kumpokea mtoto wa kike hachinjwi, na watu walikuwa wanaulizana chinichini kama kuna mtoto mwingine amefichwa ndani. Masumbuko alikuwa amenuna. Akamwuliza mdogo wake, mbele ya wote, "Na yule mtu wa watu aliyeleta posa, tumwambie nini?"

"Mwambie akatafute kwingine. Mwanangu anasoma."

Kisha akamwita mkewe. Stamili akatoka, ameshikiliwa na Kabula, mtoto amemfunika kwa kitenge, akakaa kwenye kigoda mlangoni. Ngusa akavua kofia. Sijawahi kumwona mwanaume yeyote akifanya hivyo, si Mnyamwanga wa kwetu wala Msukuma.

"Mama Kabula," akasema, "miaka yote hii nimekudai kitu ambacho hukupewa. Kuzaa wasichana si kosa lako. Wala si kosa langu. Lakini maneno niliyokusema, hayo ni yangu mimi. Nisamehe."

Niliyasikia kama nimeambiwa mimi. Nililia mbele ya watu, mtu mzima mimi, kamasi zinanitoka, na mwanangu wa shuleni, Mwalimu Tupokigwe, ananifuta kwa kanga yake. Stamili hakulia. Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Halafu akamtoa mtoto kwenye kitenge, akampa Kabula ambebe kidogo, akamchukua tena.

"Umeshamwona," akamwambia binti yake. "Kale nyama, ukaoge, ukalale. Kesho una mtihani."

Kabula akaenda. Matokeo yalipobandikwa mwaka uliofuata, Biolojia alikuwa na B, na Ngusa, ambaye hajui kusoma, alikuja akaniomba nimwonyeshe jina la mwanawe lilipo. Nilimwonyesha. Aliweka kidole chake hapo, akasimama mpaka saa sita mchana, na kila aliyepita alimwambia, "Huyu ni wangu."